Fundo Moja kwa Nyeupe

Siku niliyofika kwenye kitalu cha mama mdogo, cheti changu cha chuo kikiwa kwenye bahasha ya kaki, kitu cha kwanza kilichoniudhi kilikuwa matambara.

Yalikuwa yamefungwa kwenye kila mche wa bogenvilia, mamia kwa mamia, chini ya wavu wa kivuli: vipande vya mashuka kuukuu, mikono ya mashati, pindo za magauni. Fundi ndiye aliyeyafunga. Hakujua kusoma. Alikuwa amefanya kazi na mama mdogo tangu kitalu kikiwa na viriba hamsini vya kuoteshea na ndoo moja iliyotoboka, na njia yake ya kujua rangi ilikuwa hiyo: fundo moja ni nyeupe, mafundo mawili nyekundu, matatu zambarau, manne rangi ya chungwa.

Alihitaji alama kwa sababu mche wa bogenvilia ukiwa mdogo haukuambii rangi yake. Unakata tawi lililokomaa kiasi, lisiwe changa la kijani wala gumu kama kuni, urefu wa penseli. Unalikata mshazari chini ya jicho, pale chipukizi linapotokea, unalichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, unaliweka kivulini na kusubiri. Likitoa majani, miezi ya kwanza hata mzoefu haoni tofauti, na kwa mtu asiye na uzoefu yote yanabaki yale yale. Inaweza kupita karibu mwaka mzima kabla ua halijatokeza na kusema kweli.

Mimi ni mtu wa aibu. Chuoni nilikaa miaka miwili bila kunyoosha mkono darasani hata nilipokuwa na jibu. Pale kitaluni, kwa mara ya kwanza, nilijua kitu ambacho wenzangu hawakukijua, na utamu wa jambo hilo ulinilevya. Wiki ya pili nilimwambia mama mdogo, kwa sauti yangu ndogo, kwamba wateja wakiona yale matambara watadhani wameingia jalalani, na kwamba vitalu vya kisasa hutumia lebo. Alinitazama kwa furaha ile ile aliyokuwa nayo siku barua ya chuo ilipofika. Akamwita Fundi, akamwambia anisaidie.

Fundi alipita safu ya kwanza mpaka ya mwisho, akifungua mafundo moja moja kwa kucha zake nene. Akishafungua anataja rangi, mimi naandika lebo, kisha ananiwekea tambara kiganjani kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Ilituchukua siku tatu. Siku ya tatu jioni alisimama akajinyoosha mgongo.

"Haya, Profesa," alisema, "leo miche yote umeivua nguo."

Nilicheka naye. Hakuwa na ubaya. Halafu nikayachoma matambara pamoja na takataka za wiki.

Lebo zangu zilikuwa nzuri. Nilizikata kutoka kwenye madumu meupe ya plastiki, nikaandika kwa kalamu nene ya wino mweusi, herufi zimesimama sawasawa kama askari kwenye gwaride. Nilinunua na daftari la kuandika kila safu ina nini. Ukurasa wa kwanza niliandika jina langu na tarehe. Ukurasa wa pili niliupigia mistari ya jedwali. Jedwali lenyewe nilisema nitalijaza kesho.

Wino ulianza kufifia mwezi wa pili. Jua lilipenya kwenye wavu, maji ya kumwagilia yakapita juu yake kila siku, na herufi zangu zikawa za kijivu, kisha za njano, kisha kivuli cha herufi. Mwezi wa tatu upepo ulirarua wavu, tukalazimika kuhamisha viriba vyote upande wa pili kwa haraka, na hapo safu zikachanganyika. Asubuhi moja nilichuchumaa katikati ya miche mia nne, nikageuza lebo moja baada ya nyingine kuelekea kwenye mwanga, na zote zilikuwa plastiki tupu. Daftari lilikuwa na jina langu na mistari.

Ningeweza kumwita Fundi. Alikuwa hatua kumi kutoka pale, anachekecha udongo huku akipiga mluzi. Lakini kumwita kulikuwa na maana ya kusema kwamba matambara yake yalikuwa na akili kuliko mimi. Nilisubiri atoke kwenda kula, nikachukua kalamu, nikaziandika lebo upya kwa kubahatisha.

Naomba nieleweke: sikuandika ovyoovyo. Nilitazama miiba, nikatazama majani, nikajaribu kukumbuka mhadhara mmoja niliousikiliza nusu. Ila nilijua kwamba nabahatisha. Herufi zilitoka nzuri kama mara ya kwanza.

*

Mwezi uliofuata alikuja Mama Mkunga.

Alikuwa amestaafu, lakini jina la kazi lilikuwa limemng'ang'ania. Nusu ya watu wa mitaa ile walimwona yeye kabla hawajawaona mama zao, na alipenda kuwakumbusha, hasa wakijifanya wakubwa. Mama mdogo alimwekea kiti, akakaa, akaeleza shida yake moja kwa moja. Macho yake yalikuwa yanapungua nuru. Daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba yatazidi kupungua. Mchana aliona watu kama vivuli. Jua likishuka, alichoweza kukiona ni kitu cheupe tu. Aliishi peke yake, na kila jioni alipenda kukaa kwenye benchi la nje ya lango lake, apige soga na wapita njia. Taabu ilikuwa kurudi. Kutoka langoni hadi mlangoni kulikuwa na hatua thelathini na moja, na mara mbili alikuwa ameipoteza njia ndani ya uwanja wake mwenyewe.

Mama mdogo akasema, kwa upole, kwamba si vibaya akapata binti wa kumshika mkono.

"Nimewashika watu mkono miaka arobaini," alijibu. "Mimi sitaki kushikwa."

Alichotaka ni bogenvilia nyeupe, pande zote mbili za njia, kumi na mbili huku na kumi na mbili kule. Zikichanua, zingemwonyesha njia. Alikuwa amefikiria mwenyewe, na ilikuwa akili nzuri kwa sababu bogenvilia ikishazoea mahali inachanua miezi na miezi, na nyeupe yake inaonekana hata giza linapoanza kuingia.

Mama mdogo aliniambia nitoe ishirini na nne. Nilizitoa kwenye safu iliyosema nyeupe, kwa mwandiko wangu mpya. Fundi alizipakia kwenye pikapu. Alipofika mche wa tano au wa sita alisimama, akaupinda ncha kwa kidole gumba.

"Profesa, mbona macho ya hii ni mekundu?"

"Lebo imesema nyeupe, Fundi."

Akaitazama lebo, herufi ambazo kwake zilikuwa mikwaruzo tu. Akanitazama na mimi. Kisha akauweka mche garini.

"Haya," alisema. "Kama lebo imesema."

Walikwenda kupanda, yeye na mama mdogo. Mimi nilisema kichwa kinaniuma, na kilikuwa kinauma kweli.

*

Miezi ilipita. Kila nilipopita karibu na miche iliyobaki nilikuwa natazama ncha zake, na kila siku nilizidi kuamini kwamba Fundi alikuwa sahihi. Bogenvilia za Mama Mkunga zilikuwa zinakua kule na siri yangu ndani yake, na siku yoyote zingechanua.

Mwezi wa sita tangu wapande, Mama Mkunga alikuja tena, akanikuta peke yangu mezani. Alilalamika kwamba maua hayaji. Majani yapo, miti imefika kiunoni, lakini ua hata moja hakuna. Akaniuliza afanye nini.

Na hili ndilo jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka nikiwa njiani, nasimama.

Kila aliyesomea bustani anajua kwamba bogenvilia huchanua ikiwa na kiu. Ukiipa maji mengi inajisahau. Inatoa majani na matawi marefu na kunenepa tu. Ukiiongezea samadi, ndiyo kabisa. Anayetaka maua anainyima maji mpaka majani yanaanza kulegea, anaiacha juani kutwa nzima, anaipogoa kidogo, anatulia. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lilikuwa swali la mtihani wa mwaka wa kwanza, na nilipata alama zote.

"Mwagilia asubuhi na jioni," nilimwambia. "Ndoo nzima kila mche ukiweza. Na uweke samadi."

Alinishukuru. Alinishika shavu, akasema mama mdogo amepata msaidizi.

Nilijiambia kwamba nanunua muda tu, nitatafuta namna. Sikutafuta namna yoyote. Nilikuwa nakula, nalala, natania na wateja, na maili moja kutoka pale mwanamke asiyeona vizuri alikuwa anamwagilia uongo wangu ili usife.

Aliyeuharibu mpango huo ni Fundi, bila kujua kwamba upo. Mama mdogo alimtuma kumpelekea Mama Mkunga samadi aliyoagiza. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake. Akasimulia kwamba amekuta njia imekuwa kinamasi, bogenvilia zimenona kama mabibi harusi na hazina haja ya kuchanua. Amemwambia Mama Mkunga aache maji kabisa, na samadi kaigeuza, ameirudisha.

"Sijui nani alimpa ushauri ule," alisema, akiwa amenipa mgongo. "Labda jirani."

Wiki tano baadaye zilichanua.

*

Mama Mkunga aliletwa na pikipiki, ameshika tawi lililofungwa kwa gazeti. Wateja wanne walikuwepo. Hakukaa kwenye kiti. Alilifungua gazeti juu ya meza, na ua lilikuwa zambarau, zambarau ya kukolea kabisa, rangi ambayo kwa macho yake jioni haina tofauti na giza.

Akasema kwamba mchana jirani alimwita kumpongeza kwa maua, naye akajibu ndiyo, meupe yanapendeza, jirani akacheka. Katika ishirini na nne, tatu tu ndizo nyeupe. Jioni ile aliamua kwenda mwenyewe kuhakikisha, akaifuata nyeupe ya kwanza, akatafuta ya pili, akaishia kwenye miiba.

Mikono yake ilikuwa imechubuka mpaka kwenye viwiko.

Mama mdogo hakuwa mtu wa kugombeza mbele za watu, lakini kitalu kilikuwa jina lake lote, na wateja walikuwa wanasikiliza. Aligeuka.

"Nani aliyepakia?"

"Nilipakia mimi," alisema Fundi.

"Na lebo ulizitazama?"

"Nilizitazama, mama. Ila kusoma sisomi, unajua."

Alivua kofia. Ilikuwa ya kitambaa, yenye alama ya jasho iliyozunguka kama ya chumvi, na sikuwahi kumwona bila hiyo. Kichwa chake kilikuwa na upara mdogo katikati, mweupe kuliko uso. Mama Mkunga alisogea mpaka akawa karibu naye.

"Mimi macho yangu yameharibika," alisema. "Ya kwako yalikuwa yanafanya nini?"

Mteja mmoja aliguna. Nilingoja Fundi anitazame, maana kama angenitazama nadhani ningesema. Hakunitazama. Alilitazama lile tawi mezani, kwa namna ile anavyotazama kila mmea, kuona kama limekatwa vizuri.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno lilikuwa mdomoni. Watu wananiita mpole, na mara nyingi nimeona raha kuitwa hivyo. Siku ile upole wangu ulikuwa ni mlango, na mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika komeo.

Mama mdogo aliomba radhi, akaahidi kubadilisha miche yote ya zambarau. Kisha akasema kwamba kuanzia leo vipandikizi vitashikwa na mimi, na Fundi atabaki na maji na samadi. Alisema bila ukali, karibu kwa huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi. Fundi alichomoa mkasi wa kupogolea kwenye mfuko wa nyuma, ule ambao mpini wake alikuwa ameuzungushia mpira wa tairi kwa sababu ulikuwa unamkata kiganja. Alinipa, mpini ukiwa upande wangu.

"Shika," alisema. Hakuniita Profesa.

*

Kwa wiki mbili nilifanya kazi bandani, chini ya wavu, na yeye akavuta mpira wa maji nje. Tulisalimiana. Mkasi ulikuwa umeshika umbo la mkono wake, vidole vyangu havikukaa popote. Nilisikia mtaani, dukani nilipokwenda kununua sabuni, wanawake wawili wakizungumza kwamba yule fundi wa kitaluni amechoka sasa, amempelekea Mama Mkunga miche ya ajabu, na kwamba Mama Mkunga anamsimulia kila anayepita benchini kwake. Nililipia sabuni nikatoka.

Jumamosi mama mdogo aliligeuza pikapu mlangoni mwa banda, likiwa limesheheni majembe. Tulikuwa tunakwenda kung'oa zile zambarau, kuzihamishia kwenye uzio wa nyuma na donge zima la udongo, na kupanda nyeupe. Alisimama kwenye safu, mikono kiunoni.

"Chagua ishirini na moja," aliniambia. "Safari hii nataka mkono wako tu, wa mtu mwingine sitaki."

Mbele yangu kulikuwa na miche, na kwenye kila mche lebo, na kwenye kila lebo mwandiko wangu. Lebo zilikuwa zimefifia tena. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Niliinama, nikapinda ncha ya mche mmoja kama nilivyomwona Fundi akifanya. Niliona kijani. Nikapinda wa pili, nao nikaona kijani. Sikujua ninatafuta nini. Nje, Fundi alikuwa anamwagilia mistari ya mbele na maji yalikuwa yanapiga kwenye viriba.

Niliona waziwazi yatakayotokea: nitabahatisha tena, mama wa watu atapanda tena, na baada ya mwaka Fundi atavua kofia tena kwa kuwa yeye ndiye atakayepakia.

"Sijui zipi," nilisema.

"Hujui nini?"

"Nyeupe. Sijui zipi ni nyeupe."

"Si zina lebo?"

"Lebo zilifutika, mama. Zilifutika tangu zile za kwanza. Nilibahatisha, halafu nikaandika upya. Fundi aliniambia macho ni mekundu. Nikamjibu lebo imesema nyeupe."

Maji yalikoma. Fundi alikuwa amelifunga bomba, akasimama pale mlangoni na mpira mkononi, matone yakidondoka kwenye viatu vyake.

Mama mdogo aliishusha mikono kutoka kiunoni. "Ulikuwepo," alisema. "Siku ile ulisimama pale mezani, ukamwacha avue kofia."

Nililia, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu machozi yalikuwa yanaomba kitu ambacho sikuwa na haki ya kukiomba.

Akamgeukia Fundi. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Neno langu na lebo, mama," alisema Fundi, "ungechukua lipi?"

Mama mdogo alitazama chini kwenye sakafu ya mchanga, kwenye alama za viatu vyetu sisi watatu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba Fundi amchagulie Mama Mkunga miche, tafadhali.

Fundi alinipita. Alitembea kwenye safu akiwa ameinama, kidole gumba kinagusa ncha moja, kinaruka mbili, kinagusa nyingine. Hakuchukua dakika kumi. Mara moja tu alisimama, akausogeza mche kwangu bila kunitazama.

"Jicho la nyeupe ni kijani tupu," alisema. "La zambarau lina wekundu kwa ndani, kama sikio la mtoto mchanga. Litazame kwenye mwanga, si kivulini."

Nilitazama. Lilikuwa wazi kabisa. Ningemwuliza siku ile anapiga mluzi, ingechukua muda huo huo.

*

Sikuwa nimefika kwa Mama Mkunga tangu maua yatoke. Nilipoingia langoni nilisimama.

Bogenvilia zilikuwa nzuri mno, lazima niseme. Ziliwaka pande zote mbili za njia. Na kwenye kila moja ya zile zambarau, kwenye tawi la juu, kulikuwa na kitambaa cheupe. Alikuwa amechana shuka. Alikuwa amevifunga yeye mwenyewe, kwa kupapasa, katikati ya miiba.

Fundi aliviona pia. Aliweka jembe begani, akapita.

Mama mdogo aliniambia kwamba hili nitalisema mwenyewe, yeye hataniazima mdomo. Mama Mkunga alikuwa amekaa kizingitini, akisikiliza majembe yakishushwa. Nilimpa shikamoo, nikachuchumaa mbele yake, nikasema: miche niliichagua mimi, lebo niliandika mimi kwa kubahatisha, Fundi alijaribu kunikanya. Nilisema haraka. Nilikuwa nimesema mara moja tayari na nilidhani ya pili itakuwa nyepesi.

Aligeuza uso kunifuata sauti.

"Ni wewe uliyeniambia nimwagilie."

"Ndiyo, Mama."

"Asubuhi na jioni. Fundi alipokuja alishangaa. Mimi nikasema labda binti amesahau aliyofundishwa, bado mtoto." Aliinamisha kichwa. "Ulikuwa umesahau?"

Alinipa njia, na ilikuwa pana. Nilichotakiwa ni kusema ndiyo. Hata mama mdogo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, asingejua.

"Hapana," nilisema. "Nilikuwa najua maji yatazuia maua. Nilitaka yasichanue."

Nilimsikia mama mdogo akivuta pumzi.

Mama Mkunga alicheka kidogo, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Ndoo," alisema. "Nilikuwa nabeba ndoo kutoka bombani. Kwa macho haya. Nahesabu hatua, namwaga, narudi." Alinyoosha mikono yake mbele, akaigeuza juu chini kana kwamba anaiona. "Na yule mtu nimemsema kwa kila aliyekaa benchini pale. Mpaka kwa wasiomjua."

Nilisema nitapita kwa kila mmoja niwaambie.

"Utapita," alisema. "Nitakupa na majina. Lakini mimi la kwangu nitalisema mwenyewe. Yuko wapi?"

"Kule karibu na lango. Anachimba."

Akasimama. Akanyoosha mkono, na kwanza sikuelewa anataka nini.

"Nishike," alisema. "Miiba sijui iko wapi, na wewe ndiye uliyeipanda."

Nikamshika. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi, na michubuko ilikuwa imeanza kupona, nikaihisi chini ya vidole. Tulikwenda polepole katikati ya zambarau ile yote. Alikuwa anahesabu kwa mdomo bila kutoa sauti. Fundi alipotuona alisimamisha jembe.

"Fundi," alisema Mama Mkunga, "nilikusema vibaya mbele za watu."

"Ulisema ulichokiona, Mama."

"Sikuona kitu. Ndiyo taabu yenyewe."

Fundi alitabasamu kwa upande mmoja. Alivua kofia tena, akajifuta jasho, akairudisha. Akamwambia kwamba nyeupe zitachelewa, mwaka huenda ukafika, kwa hiyo vile vitambaa asivitupe, watavihamishia kwenye miche mipya mpaka ichanue. Na maji baada ya wiki za mwanzo asitie, hata zikionekana zinalia. Mama Mkunga akasema kuhusu maji ameshajifunza. Mama mdogo alikuwa amefika, akasimama kando akitafuta pa kuanzia, kisha akachukua jembe la pili akaanza kuchimba shimo lililofuata, yeye na viatu vyake vizuri.

Tulifanya kazi mpaka alasiri. Fundi aliniachia kushika miche wakati anachana viriba. "Usitikise mizizi," aliniambia, na baada ya mche wa tatu hakurudia tena. Hatukuzungumza jambo jingine. Mkasi nilikuwa nimemrudishia asubuhi, akautia mfuko wa nyuma. Jina la Profesa halikurudi siku ile, na mpaka leo halijarudi. Ananiita binti, kama anavyowaita wateja.

Mche wa mwisho uliposimama, alikusanya vitambaa vyote vyeupe tulivyovifungua kwenye zambarau, akaanza kufunga, kimoja kila mche, fundo moja. Nilisimama na mikono yenye udongo. Alipofika wa kumi na mbili alininyooshea vilivyobaki.

Nilichuchumaa, nikazungusha kitambaa kwenye shina, nikafunga. Akaja akaingiza kidole chini ya fundo langu, akalivuta kidogo tu. Likafunguka lote. Alikiokota kitambaa chini, akakikung'uta mchanga, akanirudishia, akabaki amesimama pale pale kunitazama nikifunga tena.